Mkato Ni Tuhuma

Liko kosa ambalo watu wengi hulitenda wakidhani ni mchezo. Kosa hilo ni kuunganisha picha mbili zisizohusiana, moja ya mateso na moja ya uso wa mtu, kisha kuukabidhi muungano huo kwa watazamaji bila kueleza neno. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyemtaja mtu kwa jina. Walakini mtu amekwisha tuhumiwa, na tuhuma hiyo ina nguvu kuliko ya mdomo, kwa sababu kila mtazamaji anadhani ameigundua mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kosa hilo hutendwa katika filamu fupi za kutisha zinazotungwa na wanafunzi, na kuwa mahali pa kulitenda si mbele ya kamera, bali mezani pa mhariri.

Sharti neno moja lielezwe kwanza. Katika kazi ya filamu, mahali picha moja inapokoma na nyingine inapoanza huitwa mkato. Wanaoidharau kazi ya uhariri husema kuwa mhariri ni kama fundi anayepunguza urefu wa nguo iliyokwisha shonwa na mwingine. Wanakosea. Mpiga picha huleta vitambaa. Mshonaji ni mhariri. Vitambaa vile vile vyaweza kutoa kanzu ya harusi au sanda, na aliyevifuma hana habari kipi kitatoka.

Uchukuliwe mfano wa wanafunzi sita wa chuo kimoja waliotunga filamu ya dakika 11. Hadithi yao ilikuwa nyepesi: mtoto wa mpangaji anaugua homa isiyoeleweka, kila usiku wa manane mlango wa uani hugongwa mara tatu, mama afunguapo haoni mtu. Mswada waliuandika kwa majuma matatu. Picha walizipiga kwa siku tatu, katika nyumba ya kupanga iliyo pembezoni mwa mji. Uhariri waliuachia usiku mmoja, maana asubuhi yake ilikuwa siku ya kuionyesha filamu mbele ya chuo. Mgawanyo huo wa siku peke yake ulitosha kubashiri mambo yatakayotokea.

Jirani na nyumba hiyo aliishi bibi mmoja mpika vitumbua. Wanafunzi walimwomba aketi mbele ya jiko lake la kuni kama afanyavyo kila alfajiri, nao wampige picha. Alikubali kwa furaha, akajifunga kanga mpya, akauliza kama wamekwisha kunywa chai. Hakuna aliyemweleza hadithi ya filamu. Wala hapakuwa na kubwa la kumweleza, kwa kuwa katika hadithi hakuwamo. Picha yake ilikusudiwa kuonyesha kuwa kumekucha, basi. Moshi ukamwingia machoni, macho yakawa mekundu, akainua uso, akaitazama kamera.

Usiku wa uhariri ulipofika, filamu haikutisha. Mlango uligongwa, mama alifungua, uani palikuwa patupu, na wote sita walipiga miayo. Yapata saa tisa usiku mmoja wao akaiondoa picha ya bibi kutoka mwisho wa filamu, akaiweka mara tu baada ya picha ya mtoto akilia kwa homa, akaipunguza mwendo, akaitilia chini yake mlio mzito wa ngoma. Wote wakashtuka vitini. Kesho yake ukumbi mzima ulipiga mayowe mahali pale pale, na filamu ikasifiwa kuwa bora kuliko zote zilizoonyeshwa siku hiyo.

Kipande cha sekunde chache chenye uso ule na mayowe yale kilirekodiwa ukumbini, kikapita kutoka simu hadi simu, kikafika mtaani kwa bibi kabla ya wanafunzi kurudisha viti walivyoviazima huko. Baada ya juma moja kijana aliyekuwa mchukua sauti alikwenda kununua vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe umekuja? Watoto wa hapa hawaji tena. Mama zao wanawapitisha njia ya kule juu." Akageuza vitumbua viwili, kisha akauliza: "Hivi, katika ile sinema yenu, mimi nilifanya nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakufanya lolote, alipuliza moto. Mengine yote yalifanywa na mkato.

Uwezo huu wa mkato si jambo geni kwa wanaosoma historia ya sinema. Katika miaka iliyofuata mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwalimu wa filamu wa Moscow aliyeitwa Lev Kuleshov aliuchukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso ule ule usiobadilika, akauunganisha na picha mbalimbali: mara sahani ya supu, mara maiti katika jeneza. Masimulizi ya jaribio hilo yanahitilafiana katika baadhi ya mambo, ila funzo lake halina hitilafu. Watazamaji waliona njaa mbele ya supu, wakaona huzuni mbele ya jeneza, wakamsifu mwigizaji kwa ustadi wa kubadili uso. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni jirani yake. Kuleshov alionyesha kuwa mkato waweza kumpa mtu njaa asiyo nayo na huzuni asiyo nayo. Kwa nini basi usiweze kumpa uchawi asio nao?

Swali hilo lingekuwa la darasani tu kama pasingekuwa na makaburi. Kwa mujibu wa hesabu za serikali zilizonukuliwa katika kazi za Simeon Mesaki, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini Tanzania katika matukio yanayohusu tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Huko macho mekundu ya mwanamke mzee yalifanywa kuwa dalili ya uchawi, ilhali sababu yake yajulikana kwa kila aliyewahi kuinama jikoni: ni miaka mingi ya kupika kwa kuni na kwa samadi iliyokaushwa, katika jiko lisilo na njia ya moshi. Kenya nayo haikusalimika. Mwezi wa Mei 2008 wazee kadhaa walichomwa moto na wanakijiji katika sehemu za Kisii. Na katika Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, ambazo nyuma yake mara nyingi pana shamba linalogombewa.

Hakuna anayesema kuwa wauaji hao walitoka sinemani. Inayosemwa hapa ni hoja ndogo zaidi, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuikwepa. Picha ya bibi mwenye macho mekundu ilipoanguka kiwamboni iliwakuta watu waliokwisha fundishwa namna ya kuisoma. Ndiyo maana ukumbi ulipiga mayowe upesi hivyo. Yule mhariri wa saa tisa usiku hakuitunga hofu. Aliikopa kutoka katika akiba ya zamani ya jamii, na bibi akawekwa rehani bila kuulizwa.

Wako watakaojibu kuwa ngano za kale zimejaa wachawi na mazimwi, na kuwa hakuna bibi aliyedhurika kwa ngano. Jibu hili lina mvuto, lakini linasahau namna ngano ilivyosimuliwa. Msimulizi alianza kwa kuita, "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitikia, "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili wote walivuka kizingiti pamoja, wakajua kuwa sasa wamo katika nchi ambayo sungura husema na zimwi hula mji mzima. Hadithi ilipokwisha walitoka kwa mlango ule ule walioingilia. Zimwi la ngano halina nyumba namba fulani, wala haliuzi vitumbua katika kona ya mtaa. Filamu iliyopigwa katika uchochoro unaojulikana, juu ya uso unaojulikana, haina kizingiti. Mtoto akitoka ukumbini humkuta zimwi wake ameketi pale pale, mchana, mbele ya jiko lake.

Wengine watasema kuwa sanaa ya kutisha haiwezi kuishi bila uso, na kuwa anayemwondoa mchawi kiwamboni ameiondoa filamu yenyewe. Hawa wanastahili kujibiwa kwa ushahidi wa kazi zenyewe, maana neno lao huonekana la kitaalamu, kumbe ni uvivu uliovaa joho.

Mwaka 1942 ilitoka Marekani filamu iitwayo Cat People, iliyotayarishwa na Val Lewton kwa fedha kidogo, ikaongozwa na Jacques Tourneur na kuhaririwa na Mark Robson. Katika onyesho lake mashuhuri mwanamke anatembea peke yake usiku. Anahisi kuwa anafuatwa, hatua zasikika, kisha hazisikiki, anakaza mwendo. Ghafla unatokea mlio mkali kama wa chui anayeruka, na kumbe ni basi linalofunga breki mbele yake. Mtazamaji ametishwa kwa basi. Tena lipo jema lingine katika mkato huo: umemfanya mtazamaji atuhumu, kisha papo hapo umemwonyesha kuwa ametuhumu bure. Mkato ule ni mwaminifu kuliko mahubiri mengi.

Katika Jaws ya 1975, papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu aliharibika mara kwa mara katika maji ya bahari. Mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha, na mhariri Verna Fields, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, akajenga hofu kwa maji matupu, miguu ya waogeleaji na muziki wa John Williams. Bahari ambayo ndani yake hakuonekana kitu iliwatia watu woga kuliko meno yoyote.

Iko pia The Blair Witch Project ya 1999, inayowafaa zaidi wanafunzi kwa kuwa iliongozwa na Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliosoma filamu katika chuo kikuu kimoja cha Florida. Picha zilipigwa katika misitu ya Maryland kwa siku nane. Kutokana na takribani saa 20 za picha ilipatikana filamu ya dakika 81, na uhariri ulichukua miezi mingi. Mchawi ametajwa katika jina la filamu. Walakini hakuna mtazamaji aliyeuona uso wake hata mara moja. Siku nane za kamera, miezi mingi ya mezani: hesabu hii na ilinganishwe na siku tatu na usiku mmoja wa wale wanafunzi sita. Wanaolia kuwa vyuo vyao havina vyombo wasahihishe kilio chao. Simu ya mkononi hupiga picha, na programu za kuhariri zisizolipiwa zipo. Kinachokosekana ni saba na nane za usiku zilizotengwa mapema kwa ajili ya kutazama, kufuta na kutazama tena.

Inabaki hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito. Yamkini mtu akasema kuwa hofu isiyo na uso ni ya hatari kuliko yenye uso, akatoa mfano wa popobawa. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja, na watu wakalala nje ya nyumba zao kwa makundi. Popobawa hakuwa na uso uliojulikana. Hata hivyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kushukiwa kuwa ndiye. Mfano huu ni wa kweli na wa kuhuzunisha. Lakini unathibitisha yale yaliyokwisha kusemwa. Umati ule ulifanya mkato barabarani. Uliunganisha usiku wa kukosa usingizi na uso wa mgeni asiyeweza kujitetea, ukaona sababu mahali pasipo na sababu. Filamu inayoweka uso wa mnyonge baada ya kilio cha mtoto huwafundisha watazamaji kuunganisha namna hiyo hiyo. Filamu inayouacha mlango mtupu, ikawaachia watazamaji hofu yao bila kuwapa wa kumpiga, huwafundisha kuvumilia kutojua. Hilo ni funzo adimu, na jamii zilizolikosa zimelipa kwa damu.

Turufu ya wapinzani ni kwamba maadili mema huleta filamu mbaya. Basi itazamwe iliyotokea. Mchukua sauti aliwaeleza wenzake swali aliloulizwa na bibi. Walibishana, wawili walisema kuwa filamu imekwisha pewa alama na hapana haja ya kuigusa. Mwishowe waliketi mezani tena, safari hii kwa siku nne. Jambo la kwanza walilolifanya ni kuirudisha picha ya bibi mahali pake, alfajiri, na filamu ikawa haitishi kama ilivyokuwa mwanzo. Ndipo walipolazimika kuutafuta ugonjwa wenyewe, ambao uso wa bibi ulikuwa umeufunika.

Waliona kuwa kila mlango ulipogongwa walikata upesi kwenda kwenye uso wa mama, hata mtazamaji hakupata nafasi ya kuusikiliza mlango. Waliona kuwa muziki ulilia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hapakuwa na kimya cha kuvunjwa. Waliona pia kuwa mlango uligongwa mara tatu kila usiku bila kubadilika, na jambo lisilobadilika huzoeleka. Wakautoa muziki wote. Wakaiacha picha ya mlango uliofungwa ikae sekunde 14, pasipo sauti ila pumzi za mtoto. Pigo la kwanza. Pigo la pili. La tatu halikuja. Picha ikahamia kwa mtoto aliyelala, utulivu ukarefuka, na pigo la tatu likasikika, safari hii kutoka ndani ya chumba.

Kabla ya kuionyesha popote waliipeleka kwa bibi. Akaitazama katika simu hadi mwisho, akajiona alfajiri akipuliza moto, akasema kuwa mlango ule ungetiwa komeo mapema mambo yote hayo yasingetokea. Ukumbini hawakupiga mayowe. Walinyamaza, na baadhi yao walibaki vitini taa zilipowashwa. Wapo waliosema kuwa ile ya kwanza ilikuwa na msisimko zaidi. Hilo lisifichwe: mayowe ni rahisi kuhesabiwa kuliko kimya, na kwa sababu hiyo wanafunzi huyakimbilia na waalimu huyapa alama.

Lakini hadithi hii haina mwisho wa kufurahisha. Filamu ilisahihishwa, kile kipande hakikusahihishika. Kiliendelea kupita katika simu za watu wasiojua kuwa kuna filamu nyingine, na bibi, hadi chuo kilipofungwa, alikuwa akikanda nusu ya unga aliokuwa akiukanda zamani. Neno likitoka halirudi, na picha ni vivyo hivyo.

Kutokana na hayo, vyuo vinavyofundisha sanaa ya filamu vinapaswa kushika mambo matatu. La kwanza, siku za uhariri zisiwe chache kuliko siku za kupiga picha, na mswada usiokuwa na ratiba ya uhariri usipokewe. Mtu aliyechoka, mwenye usiku mmoja tu, atachukua hofu iliyo karibu, nayo daima ni uso wa mtu asiye na wa kumsemea. La pili, ridhaa ya mtu kupigwa picha isihesabiwe kuwa ridhaa ya mkato. Bibi aliridhia kupigwa picha akipika. Hakuridhia kuwekwa baada ya kilio cha mtoto. Kila mtu asiye mwigizaji ambaye uso wake umo katika filamu ya kutisha aionyeshwe ilivyokwisha unganishwa, kabla ya watu wengine wote, naye awe na haki ya kusema hapana. La tatu, watahini waache kuuliza filamu imetisha kiasi gani, waulize imetisha kwa nini.

Watakaoyaona masharti haya kuwa pingu za sanaa wakumbuke kuwa sanaa ya kutisha ndiyo inayofaidika nayo kwanza. Aliyekatazwa kuegemea uso wa mnyonge hana budi kujifunza kutumia kimya, giza, umbali, mlango na wakati, navyo ndivyo vyombo vya kazi hiyo tangu mwanzo. Na mhariri akitaka kipimo kifupi cha kubandika ukutani mbele ya meza yake, kimekwisha kutolewa bure na mpika vitumbua. Kila anapouweka uso wa mtu baada ya kilio, amsikie mwenye uso akiuliza: mimi nilifanya nini? Asiyeweza kumjibu na aufumue mshono wake kabla taa za ukumbi hazijazimwa.